Usipoziba Ufa...

Kisiwani Kiwayu, huko Lamu, hakuna mto. Maji ya mvua hukusanywa katika jabia, yaani tangi kubwa la saruji. Ufa mdogo ukipuuzwa, kiangazi humkuta mtu hana tone.

Nawe wa mjini usijione salama. Mfereji unaovuja robo lita kila dakika 10 humwaga lita 36 kwa siku, karibu madebe mawili!

Leo usiku, tangi likishajaa, funga mifereji yote, kisha andika nambari za mita. Asubuhi zitazame kabla mtu hajagusa maji. Zikiwa zimesonga, kuna panapovuja. Anza na raba za mifereji, zilizochakaa zibadilishe. Usingoje kujenga ukuta.