Ndoo ya Maji Inakula Kuni Ngapi?
Kuchemsha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi joto 25 hadi 100 kunahitaji megajuli 6.3 hivi. Kilo ya kuni kavu ina megajuli zipatazo 16, hivyo nusu kilo ingetosha na kubaki. Lakini mafiga matatu hufikisha majini kama sehemu moja ya kumi tu ya joto hilo, na kwa moto huo ndoo inakula karibu kilo 4. Gesi, robo kilo. Utasema kuni huokotwa, gesi hununuliwa. Kweli, ila mgongo wa mama anayezibeba haumo kwenye hesabu hiyo. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mpaka mtungi wa gesi ufike, kausheni kuni, funikeni sufuria, na maji ya kuoga yaepueni yakifika nyuzi 40: yanataka moja ya tano tu ya kuni hizo.