Hifadhi ya Muda Isiwe Hisani ya Mkubwa



Tarehe 18 Oktoba 2024 raia wanne wa Uturuki waliokuwa wamekimbilia kwetu kutafuta hifadhi dhidi ya serikali yao walinyakuliwa jijini Nairobi. Siku tatu baadaye Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa, bila haya, kwamba wamekwisha kurudishwa Uturuki kwa ombi la serikali hiyo, na kwamba Kenya iliridhia kwa kuzingatia uhusiano mwema wa nchi hizi mbili. Hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Mgeni aliyebisha hodi akafunguliwa mlango, kisha mwenye nyumba akamkabidhi kwa anayemwinda kwa sababu mwindaji ni rafiki wa siku nyingi!

Haukupita mwezi, zamu ikawa ya Dakta Kizza Besigye wa Uganda. Alitoweka Nairobi tarehe 16 Novemba 2024, na tarehe 20 akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Kampala. Serikali yetu ikasema haikuhusika. Basi na tuulize: ikiwa haikuhusika, ni nani anayeweza kumteka mtu katikati ya jiji letu kuu na kumvusha mpaka, nasi tukabaki kuitwa dola?

Twaandika haya kwa uchungu wa aina yake, maana harakati za vyama vingi katika nchi hii zilipata pumzi kwa sababu nchi nyingine zilikubali kuwastahi watu wetu kwa muda, hadi dhoruba ipite. Vijana waliozaliwa baada ya kufutwa kwa kifungu cha 2A mwezi Desemba 1991 huenda hawalijui jambo hili, na wazee wanaolijua wengine sasa wameketi serikalini na wamelisahau. Mwezi Julai 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia walipotiwa kizuizini siku chache kabla ya Saba Saba, wakili Gibson Kamau Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani na kutoka hapo akaenda kukaa ughaibuni. Mwaka uliofuata marehemu Raila Odinga alikwenda Norway, akarudi mwanzoni mwa 1992 ugo wa chama kimoja ulipokwisha kubomolewa. Hawakwenda huko kutafuta uraia wala maisha ya anasa. Walitafuta miezi michache ya kutokamatwa.

Na yuko Koigi wa Wamwere, ambaye kisa chake kinatuhusu leo kuliko vingine vyote. Norway ilikuwa imempa hifadhi tangu 1986. Mwezi Oktoba 1990 alijikuta mikononi mwa polisi wa Kenya akishtakiwa kwa uhaini. Serikali ya Moi ilisema alikamatwa Nairobi; yeye alieleza kuwa alitekwa Kampala na kuletwa kwa nguvu. Norway ilipolalamika, Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na nchi hiyo. Tulipiga kelele wakati ule, tukauita utekaji wa mpinzani nje ya mipaka kuwa unyama. Je, unyama ule umegeuka kuwa utu kwa sababu gari sasa latoka Nairobi kuelekea Kampala?

Kuna watakaotujibu kwamba Kenya imewapokea wageni wengi kuliko nchi nyingi duniani. Ni kweli, nasi twaona fahari. Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, na vita vikapamba moto Sudan na Ethiopia, wakimbizi walioandikishwa kwetu waliongezeka kutoka elfu chache hadi zaidi ya laki nne katika muda wa miaka miwili hivi. Dadaab ikazaliwa, kisha Kakuma. Kufikia 2025 idadi ilikuwa imepita laki nane. Lakini hoja yetu haihusu wingi wa tuliowapokea. Hoja yetu yahusu msingi wa kuwapokea: je, mgeni wetu yuko hapa kwa haki ambayo hata Rais hawezi kuigusa, au yuko hapa hadi atakapopigiwa simu?

Kwa upande wa maandishi, sisi si maskini. Tulijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1966. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, tuliuridhia mwaka 1992. Mkataba huu wa Waafrika ulitangulia Wazungu kwa hekima: ulitambua kwamba mkimbizi si yule tu anayesakwa kwa jina lake, bali pia yeyote aliyelazimika kuondoka kwao kwa sababu ya matukio yaliyovuruga vikali utulivu wa umma. Tena unaeleza kwamba asiyekuwa amepata pa kukaa aweza kupewa ukaazi wa muda katika nchi ya kwanza aliyofikia, wakati akitafutiwa makao. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, nayo inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini.

Sasa tazameni jinsi maandishi haya yanavyoyeyuka. Waziri ndiye mwenye uwezo wa kulitangaza kundi la watu kuwa wakimbizi bila kuwahoji mmoja mmoja, na kalamu inayotangaza ndiyo kalamu inayofuta. Mwaka 2016 serikali iliwaondolea Wasomali hadhi hiyo, ikavunja Idara ya Wakimbizi na kuamuru Dadaab ifungwe. Ilikuwa hadi Februari 2017 ndipo Jaji John Mativo alipotamka kwamba amri hizo zilikiuka Katiba. Kabla ya hapo, Aprili 2014, maelfu ya watu walizolewa Eastleigh na kwingineko, wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, mahali tulipozoea kushangilia mpira. Mahakama zetu zimesimama imara mara kadhaa, na twazipongeza. Lakini mahakama humsaidia aliyefika kortini. Aliyetiwa garini usiku hana wakili.

Dong Samuel Luak, mwanasheria, na Aggrey Idri, mwanasiasa wa upinzani, wote wa Sudan Kusini, walitoweka Nairobi mwezi Januari 2017. Mahakama Kuu iliamuru wasirudishwe kwao. Amri ilikuwa nzuri, ila wenyewe hawakuonekana tena. Mwaka 2019 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba yumkini kabisa waliuawa nchini mwao kufikia tarehe 30 ya mwezi ule ule. Familia zao hazijapewa hata kaburi.

Wala tusijidanganye kwamba maradhi haya ni ya Kenya peke yake. Marekani ilitunga sheria mwaka 1990 inayomruhusu waziri kuitaja nchi iliyoingiwa na vita au machafuko, na raia wake walioko Marekani wakakaa na kufanya kazi kwa miezi 6 hadi 18, muda unaoweza kuongezwa. Wasomali walitajwa Septemba 1991, Warundi mwaka 1997. Sheria njema hiyo, yenye kovu moja: yategemea kalamu ya mtu mmoja. Ndiyo sababu mwaka 2025 serikali mpya ya huko iliweza kuwageukia Wavenezuela wapatao laki tatu na nusu, na Mahakama ya Juu ikaiachia njia mwezi Mei. Ulaya nako waliandika mwaka 2001 agizo la hifadhi ya muda, wakalifungia kabatini kwa miaka zaidi ya ishirini. Wasyria walikufa maji baharini agizo hilo likiwa kabatini. Lilitolewa Machi 2022 kwa ajili ya Waukraine, na katika siku chache kila kitu kikawezekana: vibali, shule, kazi, matibabu. Hatuwaonei Waukraine kijicho. Twasema tu kwamba ulimwengu ulijionyesha wenyewe kuwa jambo hili si gumu.

Nasi tuna majirani. Sudan imo vitani tangu tarehe 15 Aprili 2023. Tanzania, tuliyozoea kuiita kisiwa cha amani, ilifanya uchaguzi tarehe 29 Oktoba 2025; Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, mtandao ukazimwa, risasi zikalia. Mtanzania anayevuka Namanga au Holili baada ya siku kama zile aweza kuingia kama mwana Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini kibali cha mtalii si ngao. Akiomba hifadhi rasmi, kesi yake yaweza kuchukua miaka, na huenda akaambiwa aende kambini. Hebu fikirini: mpinzani wa serikali ya Juba anaambiwa kwamba usalama wake uko Kakuma, si mbali na mpaka wa Sudan Kusini!

Wapo wenzetu wema wanaohofia usalama. Baada ya Westgate na Chuo Kikuu cha Garissa hatuwezi kuwacheka. Lakini gaidi hafiki ofisini kuandikisha alama za vidole na anwani ya anakolala. Hifadhi iliyo wazi humfanya mgeni ajulikane. Ni woga unaomficha katika vichochoro. Tena sheria tunayoidai haimzuii yeyote kushtakiwa kwa kosa la jinai. Inazuia asafirishwe kama gunia.

Kwa hiyo twataka Bunge, si Waziri, liwe na ufunguo. Jirani akiingiwa na machafuko ya kisiasa, itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba raia wake walioko Kenya wana hifadhi ya mwaka mmoja, pamoja na ruhusa ya kufanya kazi na kuishi mjini. Isikomeshwe ila kwa mjadala wa wazi bungeni na ilani ya miezi sita. Na mtu yeyote asikabidhiwe kwa serikali ya kwao pasipo amri ya Mahakama Kuu, akiwa na wakili wake. Afisa atakayekiuka ashtakiwe binafsi, asijifiche nyuma ya wakubwa.

Kwa viongozi wa Kampala twaongeza neno moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bwana Museveni alipokuwa msituni, mkewe na watoto wao waliishi Nairobi. Hakuna aliyewapakia garini kuwapeleka kwa Obote. Na mwaka 2008, damu ilipomwagika kwetu baada ya uchaguzi, maelfu ya Wakenya walivuka kwenda Uganda, wakapokewa Mulanda na baadaye Kiryandongo. Hayo ndiyo mapokeo ya kweli baina yetu, nayo ni ya wananchi.

Waheshimiwa wabunge, mna kazi ambayo haihitaji hata kusubiri mswada. Iteni kamati, muwaite makatibu wa Wizara ya Mambo ya Nje na ya Usalama wa Ndani, muwaulize mbele ya umma: ni nani aliyetia sahihi karatasi ya Waturuki wale wanne, na karatasi yenyewe iko wapi?