Kadi ya Bima Haifui Mashuka

Siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali huwa ni siku ya furaha. Ndugu hujaa nyumbani, huyu na maziwa, yule na ndizi, mwingine na sato. Baada ya wiki mbili kila mtu amerudi kwake, na anayebaki na mgonjwa ni wewe. Mwezi huu tuzungumze juu ya gharama za kumtunza mgonjwa nyumbani, na mahali ambapo bima inaishia.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Kiseke. Baba ni mwalimu, mama anakaanga samaki na kuuza jioni. Wana watoto wanne. Bibi, mama mzaa baba, anaishi Magu. Amepatwa na kiharusi, akalazwa Bugando, na sasa ukoo umeamua akae kwa mwanawe mjini. Swali la kwanza, ambalo wengi hulisahau: je, bibi ameandikwa katika bima?

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa serikali alikatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri akaongeza asilimia 3. Mchango huo ulimhudumia mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Wazazi wa mume na wa mke waliweza kuandikwa, lakini ndani ya nafasi hizo hizo nne. Nyumba iliyokwisha kuandika watoto wanne haikuwa na nafasi ya bibi. Ndiyo sababu fomu ya wategemezi isijazwe na baba peke yake kazini. Kaeni pamoja muitazame, na mama yako mzazi naye atajwe.

Kwa wasio na ajira, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 ulichukua kaya ya watu hadi 6 kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Lakini huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni Sekou Toure. Bugando ni hospitali ya kanda. Kumbe mtu anaweza kuwa na kadi mkononi na bado akadaiwa!

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa kuwa taratibu zinabadilika, usitegemee maneno ya jirani. Nenda ofisi ya Mfuko au halmashauri ukaulize: Nani wanahesabiwa katika kaya yetu? Mchango ni kiasi gani? Bima inafika hospitali gani? Dawa za bibi zimo katika orodha? Tena, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana utaratibu wake wa matibabu bila malipo. Muulize afisa ustawi wa jamii. Fanya hivyo wakati wote mkiwa wazima, usingoje mtu alale kitandani.

Sasa tufike nyumbani. Bima hulipia daktari, vipimo, dawa na kulazwa. Haimlipi anayefua mashuka. Chukua daftari, andika bei za dukani kwako, kisha zidisha:

1. Nepi za watu wazima. Tatu kwa siku ni 90 kwa mwezi, yaani pakiti 9 zenye nepi 10 kila moja.

2. Usafiri. Mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki ni safari 8 kwa mwezi, kwenda na kurudi. Asiyeweza kusimama hapandi daladala. Atahitaji bajaji au taksi.

3. Sabuni, maji, glovu, mpira wa kitandani, na chakula laini.

4. Mtu wa kumhudumia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Hiyo ni mara 12, usiku na mchana. Mtu mmoja hawezi, hata awe na upendo kiasi gani.

5. Biashara yako. Ukiacha kukaanga samaki, faida unayoikosa ni gharama. Iandike, kwa maana ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Ukishapata jumla, mwombe mume wako aitishe kikao cha ndugu kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Mweleze kwa utulivu, mkiwa wawili, ukimwonyesha daftari. Maneno ya lawama huzaa ugomvi. Hesabu haigombani na mtu. Katika kikao, shemeji mwenye mshahara achukue nepi, mwingine usafiri. Wifi asiye na fedha atoe siku: aje Jumamosi alale na mama yake, nawe upumzike. Kidole kimoja hakivunji chawa. Yaliyokubaliwa yaandikwe, yaangaliwe tena baada ya miezi mitatu.

Jambo moja lisikubaliwe kabisa: binti yenu asiachishwe shule ili amtunze bibi. Gharama hiyo atailipa maisha yake yote.

Mwisho, kabla hamjaamua lolote, muulizeni bibi mwenyewe. Pengine angependa kukaa Magu karibu na majirani zake, na fedha mnazotaka kutumia mjini zingetosha kumlipa mtu mzima wa kumtunza huko, nanyi mkienda kwa zamu. Mdomo ukiwa mzito kwa kiharusi, mpeni muda. Kukawia kujibu si kukosa la kusema.