Twiga Ukutani kwa Mwanao

Kuchora twiga, migunga na ndege chumbani mwa mtoto hakuhitaji fundi. Anza kwa chaki. Ukikosea, futa kwa kitambaa. Wanyama wawe kimo cha macho yake, si yako.

Lakini tahadhari na rangi kuukuu. Huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Kama haijabambuka, usiikwaruze. Paka mpya juu yake. Iliyobambuka iloweshe maji kabla ya kuikwangua, mtoto akiwa mbali. Nunua rangi ya maji iliyoandikwa mkebeni kuwa haina risasi. Fungua madirisha, naye alale kwingine hadi harufu iishe.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.