Kompyuta Isiufute Mkono wa Mchoraji

Watoto wetu wa leo, wa Lamu na Mombasa, na hata hawa wa huku Merigi, katika nchi ya chai ya Bomet ambako kazi imenileta, wanawajua Simba wawili. Wa kwanza alichorwa kwa mkono, akatoka katika sinema ya kampuni ya Disney mwaka 1994. Wa pili alitengenezwa kwa kompyuta, akatoka mwaka 2019. Hadithi ni ile ile, na majina ni yale yale waliyoyachota katika lugha yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Lakini ukiwaweka wawili hao katika mizani utaona kwamba kuna kitu kilichopotea njiani, na kitu hicho ndicho ninachotaka tukizungumze leo.

Simba wa 1994 ana nyusi. Simba wa porini hana nyusi za kupandisha na kushusha, lakini wachoraji walimpa huyu makusudi, ili akihuzunika tuone, akifurahi tuone, na akitahayari tuone. Mwaka 2019 mafundi walitaka afanane na simba wa kweli, unywele kwa unywele, na kwa hakika walifaulu. Ila simba wa kweli hacheki wala halii. Basi mtoto anafiwa na babake, na uso wake ni ule ule wa simba anayeota jua. Sinema hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watu hawakuitazama. Hata hivyo wahakiki wengi walilalamika kwamba nyuso zilikuwa zimepoa.

Yafaa tuelewe ni kwa nini mambo huwa hivyo. Mtu anayechora katuni karatasini humjua mhusika wake kwa pande mbili au tatu tu. Kompyuta humtaka mzima, kuanzia utosi hadi nyayo, na kisogo chake pia. Hufinyangwa kama chungu, akatiwa mifupa ndani, akavikwa ngozi, kisha akawashiwa taa. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu katuni nzuri imejengwa juu ya uongo. Mtazame Mickey Mouse. Ageuke kulia au kushoto, masikio yake hubaki duara mbili kamili. Hakuna kitu chenye umbo duniani kinachoweza kufanya hivyo, na fundi akimtia katika kompyuta kwa uaminifu wa rula, masikio hugeuka bapa na panya akawa si yule tena. Inambidi fundi ayahamishe masikio kwa siri kila kichwa kinapogeuka.

Sitaingia katika maneno ya masheikh wetu juu ya hukumu ya picha, hayo yana wenyewe. Wala sisemi kwamba mchoro una roho, kwa maana roho hutoka kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Ninachosema ni kwamba mchoro una tabia, na tabia hiyo imo katika uongo ule mdogo wa mchoraji. Anayehamisha sura akauacha uongo nyuma, amehamisha maiti.

Kwamba kazi hii yawezekana kufanywa vizuri, ushahidi upo. Mmarekani Charles Schulz alichora katuni za Charlie Brown na mbwa wake Snoopy tangu 1950 hadi 2000. Zilipofanywa sinema ya kompyuta mwaka 2015, mafundi waliusoma mkono wake kwanza. Wakawazuia wahusika kugeuka ovyo, wakawasimamisha katika pande zile tu alizozichora mwenyewe, na nyusi na midomo wakaiacha iwe mistari kama ya kalamu.

Na hapa kwetu upo ushahidi vile vile. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora wanyama mjini Dar es Salaam mnamo 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo ulibaki na jina lake. Mwaka 2010 televisheni ya watoto ya BBC ilianza kuonyesha katuni za ngano za wanyama kwa mtindo huo, na zilitengenezwa Nairobi, kwa kompyuta, na vijana wa Kenya. Hawakumlazimisha tembo awe na ngozi ya tembo. Walimwacha bapa, mwenye madoadoa na rangi za kuwaka, kama alivyokuwa ubaoni. Kompyuta ilimtumikia mchoraji, haikumtawala.

Neno hilo la kutumikia na kutawala linaeleweka sana huku Merigi. Mchumaji wa chai mwenye ujuzi hutwaa majani mawili na chipukizi, akaliacha jani gumu. Mashine hukata kila inachokikuta. Mwezi wa Mei mwaka 2023 uchungu wa kazi zilizopotea ulifika mpaka watu wakachoma moto mashine za kuchumia katika mashamba ya Kericho. Mimi siungi mkono kuchoma mali ya mtu. Lakini naelewa swali lililokuwa nyuma ya moto ule: mashine ikija, yule mwenye jicho na mkono atakuwa wapi? Sisi wa pwani tuliliuliza zamani kuhusu kofia za vito, pale zilipoletwa za cherehani zenye maua yale yale kwa bei ya chini.

Mchoraji naye aulize hivyo hivyo. Chukueni mfano wa Juha Kalulu wa marehemu Edward Gitau, ambaye wasomaji wa magazeti ya Kiswahili nchini Kenya walicheka naye tangu miaka ya 1950. Jina lake peke yake ni hazina. Juha ni yule mjinga wa visa vya Waarabu tuliyemsikia kwa bibi zetu. Kalulu ni sungura katika lugha ya Kinyanja ya Malawi na Zambia. Na hapa Merigi Wakipsigis wana sungura wao mjanja, wamwita kiplengwet. Mhusika kama huyo akitiwa katika kompyuta na mtu asiyejua kichekesho chake kiko wapi, atatoka na ngozi inayong'aa na vitundu vya jasho, na hatatuchekesha hata kidogo.

Kwa hiyo nasema mambo mawili. La kwanza, mchoraji wa karatasi aketi pamoja na fundi wa kompyuta tangu siku ya kwanza. Asiitwe mwishoni kuja kupongeza. Yeye ndiye anayejua ni mstari upi ukinyooshwa mhusika anakufa. Kama mchoraji ameshafariki, michoro yake isomwe kwa subira, kama walivyosomwa Schulz na Tingatinga.

La pili ni haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi kabla ya mhusika kuhamishwa, iandikwe ni wa nani, na mwenyewe au warithi wake watapata nini. Urithi ni jambo ambalo dini yetu imelipangia mafungu kwa hesabu, na sioni kwa nini mali ya kalamu ihesabiwe kuwa duni kuliko minazi.

Na sisi tulio na magazeti ya zamani makabatini tusiyafungie maandazi. Siku vijana wetu watakapotaka kuwatia wahusika wetu katika kompyuta, kitu cha kwanza watakachohitaji ni kuuona mkono ulivyokwenda.