Vinyambizi Mkondo wa Pemba: mwenye bahari anaambiwa nini?

Mwananchi akiamka asubuhi akamkuta mgeni anapima uwanja wake kwa kamba, atamuuliza: nani kakutuma, na vipimo hivyo unampelekea nani? Hapo hajamtukana mtu. Uwanja ni wake.

Swali hilohilo tunaliuliza leo kuhusu Bahari ya Hindi.

Kati ya 2017 na 2021 mradi wa SOLSTICE-WIO, uliogharamiwa na Uingereza, ulifanya kazi katika bahari za Tanzania, Kenya na Afrika Kusini. Katika Mkondo wa Pemba, ambao kina chake kinafika kama mita 800, kilitumbukizwa chombo kinachojiendesha chenyewe, bila nahodha wala kamba, kikapiga picha za sakafu ya bahari mahali ambapo mzamiaji wetu hafiki. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar walishirikishwa. Hilo si haba, na tunalipongeza.

Lakini tujiulize, mvuvi wa dagaa wa Wete au Mkoani ameambiwa nini?

Vyombo hivi si vya kuchezea watoto. Vipo vinyambizi ambavyo mtu mmoja anavibeba mikononi na kuvishusha kutoka kwenye mashua. Vipo vingine visivyo na hata pangaboi: vinajaza na kupunguza ujazo wao, vinazama na kuibuka, mabawa yanavisukuma mbele, na kila vikiibuka vinatuma vipimo kwa setilaiti. Mwaka 2009 kimoja cha namna hiyo, cha Chuo Kikuu cha Rutgers, kilivuka Atlantiki kutoka Marekani hadi Hispania kwa siku 221. Meli ya utafiti inakula mafuta na posho za mabaharia kila siku. Hiki kilikula betri.

Faida yake ni kubwa. Setilaiti huona joto la uso wa maji tu, lakini chakula cha samaki huletwa na maji baridi yanayopanda kutoka chini. Anayejua maji hayo yanapanda wapi wakati wa kusi na wapi wakati wa kaskazi, huyo ana habari ambayo mvuvi wetu anaitafuta kwa kubahatisha, huku akichoma petroli ya mkopo.

Habari hiyohiyo ina watu wengine wanaoihitaji. Mwaka 2003 jeshi la majini la Marekani lilitumia vinyambizi vidogo vya REMUS kutafuta mabomu katika bandari ya Umm Qasr, Irak. Mwishoni mwa 2020 mvuvi wa Indonesia aliokota kinyambizi karibu na kisiwa cha Selayar, na wakubwa wa jeshi lao wakabaki wanaulizana ni cha nani. Wetu akikiokota kesho, atampelekea nani? Balozi wa nyumba kumi?

Wala tusiambiwe eti hatuna sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari mwaka 1985. Kifungu cha 246 kinasema utafiti ndani ya maili 200 unahitaji idhini yetu. Kifungu cha 248 kinamtaka mgeni aeleze miezi sita kabla anakuja na chombo gani, kufanya nini, wapi. Na cha 249 kinatupa haki ya kuwamo katika utafiti, kupewa ripoti na kuziona data zote, tena kusaidiwa kuzielewa. Haki tunazo, lakini haki iliyofungiwa kabatini haivui dagaa!

Tunataka Serikali itangaze orodha ya vibali vyote vya utafiti wa bahari ilivyotoa kwa wageni, na data zilizorudi ziko ofisi gani. Muhtasari wake ubandikwe kwenye madiko, kwa Kiswahili. Na zinunuliwe vinyambizi vyetu wenyewe, hata viwili, wafundishwe vijana. Kijana wa kidato cha nne anayefungua simu ya mkononi na kuifufua kwenye meza ya Kariakoo hashindwi kubadili betri ya kinyambizi.

Zanzibar iliunda wizara ya uchumi wa buluu mwaka 2020. Bara nao wana wizara yao ya uvuvi. Tunawasubiri. Kama huyu atasema muulizeni yule, na yule aseme muulizeni huyu, majibu yote mawili tutayachapa ubavu kwa ubavu.