Siuzi, Nafuma Tu

Mwezi uliopita nilimtumia ujumbe rafiki yangu wa kidato cha tano. Tulikuwa na miaka mitatu hatujazungumza. Niliandika: "Mambo shosti? Nimekukumbuka tu." Tiki zikageuka bluu. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe jibu likaja: "Poa mpenzi. Mchango wa nini?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Ujumbe wangu wa mwisho kwake ulikuwa kadi ya mchango wa harusi ya dada yangu, na namba ya kutumia pesa chini yake. Alichangia. Nikamjibu, "Asante, ubarikiwe," basi. Hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba nikimtafuta, nina shida.

Kizazi chetu kimeacha neno moja litawale kila kitu: fursa. Rafiki ni fursa, ndiyo maana tunamwita "koneksheni". Kipaji ni fursa. Jumamosi ni fursa. Na kisichokuwa fursa tunakiita kupoteza muda.

Mimi nafuma vitambaa vya makochi. Nikifuma hosteli, nikifuma kwenye daladala, swali ni lile lile: "Unauzaje?" Nikisema siuzi, nashauriwa nifungue ukurasa, nipige picha nzuri, nitafute soko. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nimechagua uzi wa njano.

Vitabu navyo havikupona. Waulize wenzetu wanasoma nini: namna ya kuwa tajiri, namna ya kuamka alfajiri, namna ya kuwashawishi watu. Riwaya? "Nilisoma shuleni." Na shuleni tulisomaje? *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi tuliichambua kama mchicha: dhamira, ujumbe, falsafa, hoja tatu kwa kila kitabu, tukafunga.

Juzi nimeirudia bila kalamu mkononi. Yasmin anaikimbia ndoa ya mzee Raza, na Mwajuma anampokea kwake Ng'ambo. Kwenye mtihani, Mwajuma alikuwa hoja chini ya "nafasi ya mwanamke katika jamii". Safari hii nilimwona rafiki. Nikamkumbuka yule niliyegombania naye nakala moja ya kitabu hicho bwenini, hata tukakubaliana tusome pamoja na asubiriwe anayechelewa kumaliza ukurasa. Aliyechelewa alikuwa mimi siku zote. Hiyo ndiyo sababu ya ule ujumbe. Sikuwa na nyingine.

Kuna wanaojaribu kuitetea furaha, lakini wanaitetea vibaya. Wanasema pumzika ili ukirudi ufanye kazi zaidi. Soma riwaya, inakuza msamiati. Kutana na marafiki, inapunguza msongo wa mawazo. Hata msemo wetu wa mtaani, "kazi na dawa", umeigeuza starehe kuwa kidonge: unakimeza ili urudi kazini. Nakataa. Furaha haihitaji barua ya utambulisho kutoka kwa kazi.

Najua nitakavyojibiwa: hayo ni maneno ya mwenye shibe. Ajira hakuna, mikopo inadaiwa, waache watu watafute. Ni kweli, watafute. Shibe hiyo mimi pia sina. Ada ya shahada yangu ya uzamili nimelipa nusu. Na sidharau anayeuza. Mama yangu alinisomesha kwa vitambaa hivi hivi, akivitembeza ofisi kwa ofisi. Lakini kimoja, cheupe chenye ukingo wa kijani, hakutoka nacho nyumbani hata siku moja. Wageni walikipenda, wakataja bei. Alijibu, "Hicho changu." Ilikuwepo miezi ambayo bei ile ingetulipia kodi ya chumba. Mama alijua njaa kuliko mimi, na bado alijiwekea mpaka ambao sisi wenye shahada tumeufuta.

Anayedhani kujiburudisha ni anasa ya matajiri apite jioni kwenye kijiwe chochote cha bao uswahilini. Mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili, na watazamaji kumi wanaobishana kuliko wachezaji. Hakuna anayelipwa. Wengi wao kesho wanaamkia kibarua. Hawajaomba ruhusa ya mtu kufurahi.

Rafiki yangu alikubali tuonane. Tulikula chipsi mayai pale stendi. Nusu saa ya kwanza alikuwa ananitazama kwa macho ya kusubiri. Kila niliponyamaza, aliweka uma chini ajiandae kusikia shida yenyewe. Nikamwambia kuhusu Mwajuma. Akaniambia alikuwa amekisahau kile kitabu, kisha akakisimulia kwa nusu saa. Nikatoa ufumaji wangu, akaushika, akaugeuza. Nikajua swali linakuja.

"Kwa nini njano?" akauliza.

Tulipokuwa tunasubiri daladala akaniuliza tena, taratibu: "Kwa hiyo kweli hukuwa na shida?" Nikamwambia sikuwa nayo. Akanyamaza kidogo, akasema hakumbuki mara ya mwisho mtu kumtafuta hivyo.

Nawe msomaji, yupo mtu ambaye ujumbe wako wa mwisho kwake ni kadi ya mchango. Mtafute leo. Akikuuliza mchango wa nini, mwambie hakuna.